Yule Mama wa Kwenye Kona

Jumatatu, mwezi wa saba. Baridi imeishika Masasi, na upepo unaleta harufu ya salfa iliyopuliziwa mikorosho. Nimerudi kutoka Newala mchana huu, nikafungua duka langu la kuchapa na kutoa fotokopi, lakini kazi za watu nimeziweka kando. Naandika haya kwanza.

Mwenzenu naogopa.

Yote yameanzia kwenye kitabu cha katuni, cha Kijapani, cha vijana wanaoshindana kwa magari kwenye barabara za milimani. Tulikikuta kwenye droo ya dashibodi siku mume wangu, Baba Salma, alipolileta nyumbani gari letu la kupakia abiria wa Newala. Nadhani mwenye gari wa kwanza, huko Japani, alikisahau. Hakuna kati yetu anayejua hata herufi moja ya kule. Tulikisoma kwa picha: mimi, wifi yangu Tatu, na Bosco, fundi anayelitengeneza gari letu. Mwanzoni tulikisoma kinyume, gari lililopondeka likainuka shimoni na kuwa jipya, na mshindi akarudi nyuma mpaka akawa wa mwisho. Tulikipenda hivyo hivyo. Ni Bosco aliyekuja kugundua kwamba wenzetu huanzia upande wa pili.

Juzi Jumamosi Tatu alirudi kutoka Mtwara na diski. Hadithi ile ile, safari hii imechezwa na watu halisi. Umeme ulikuwepo, tukakaa sebuleni mchana kutwa.

Filamu ilipokwisha, ubishi ukaanza. Bosco hakuridhika.

"Kijana wa kitabuni haongei," alisema. "Huyu kila kona anacheka."

Tatu akamtetea, akasema mtu wa kwenye karatasi hata akicheka utamsikiaje. Mimi nikatoa langu: kilichoniudhi ni kwamba wamemtoa yule mama wa kwenye kona.

"Kweli, shemeji," Bosco akasema. "Nilikuwa namsubiri."

"Yule mwenye dumu," Tatu akasema.

Tukaeleza alivyo kwa zamu, kila mmoja akiongeza chake na wengine wakiitikia. Anasimama kona ya mwisho, kabla barabara haijafika juu. Amewapa mgongo madereva, anatazama bondeni. Dumu la njano liko kichwani, na amejitanda kanga ya bluu.

Hapo ndipo mwili uliponisisimka.

"Wifi," nikamwambia Tatu, "Mjapani gani anajitanda kanga?"

Tulikifungua kitabu ukurasa kwa ukurasa, kwa upande wao na kwa upande wetu. Bosco alikagua hata gundi ya mgongoni, kama kuna karatasi iliyochanika. Haikuwepo. Na mama hakuwepo. Hakuna hata mwanamke mmoja aliyesimama barabarani katika kitabu kile.

Lakini sote watatu tulishamwona.

Baba Salma alirudi kula, akatukuta tumekiinamia kitabu. Yeye mambo ya katuni hayapendi, na kitabu kile hajakifungua tangu siku ile ya kwanza. Tatu akamsimulia, akijitahidi kucheka. Mume wangu alikuwa ananawa mikono. Akauliza bila kututazama:

"Dumu lake limezibwa na nini?"

"Gunzi, kaka," Tatu akajibu papo hapo. Kisha akajishika mdomo.

Hakula. Alikaa pale mkekani na mikono yake imelowa, akatuambia kwamba mama huyo yeye humwona kweli, kwenye kona ya mwisho ya mlima. Ni asubuhi za ukungu, akiwa anapanda Newala. Hakuwahi kumwambia mtu, maana nani atapanda gari la dereva anayeona vitu? Akiifikia kona ile hukanyaga mafuta apite upesi.

Bosco akainamisha kichwa. Siku nyingi amekuwa akilalamika kwamba tairi zetu zinalika upande mmoja, nasi tukimtania Baba Salma kwamba anaiga katuni. Kumbe mwenzetu alikuwa anakimbia. Na kona ile ukikosea, chini hakuna kinachokuzuia.

"Baba Salma, ipo siku utashuka nalo bondeni na watu wa watu," Bosco akasema.

"Najua."

Nikamwambia Jumatatu twende wote, na asikimbie.

Basi leo asubuhi tukaenda. Mimi nilikaa mbele, Bosco nyuma peke yake, katikati ya kiti, ili asikilize vyuma. Tulipoanza kupanda, ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba barabara ilijitokeza kipande kipande.

Kwenye kona Baba Salma alipunguza mwendo. Kisha akaegesha pembeni na kusimama kabisa, kama dereva aliyepungiwa mkono. Niliona majani yenye umande. Niliona ukungu. Mtu sikumwona. Nikawa nasoma dua kimoyomoyo.

Ndipo Bosco akasogea.

Alisogea mpaka mlangoni, akakusanya miguu yake, akapakata mfuko wake wa spana.

Baba Salma akatia gia, tukaondoka. Sikugeuka, lakini kwenye kioo nilimwona Bosco amejibana vile vile mpaka tukaingia Newala, na kando yake kiti kitupu.

Sokoni mume wangu aliagiza chai na mihogo, akala akamaliza, akaagiza tena. Bosco alisema ana mtu wa kumwona, atarudi kwa basi. Sijamuuliza alimpisha nani. Nikiuliza atanijibu, ndiyo maana siulizi.

Baba Salma amerudi mwepesi, anapiga hata mluzi. Anasema kusimama hakumpunguzii kitu, na kuanzia sasa pale atasimama na kuondoka taratibu. Namwamini. Uso wake si ule wa wiki iliyopita.

Kesho alfajiri anapanda tena, na ukungu utakuwepo. Siku zote kiti cha nyuma hupakia wanne.

Nimemwambia apakie watatu.