Leso ya Bartolomayo

Kefa, uko wapi? Nimetoka kwa Bartolomayo sasa hivi.

Yule mnafiki! Juzi kwenye kikundi chetu cha kusoma alilowanisha leso akimlilia mtu mweusi wa riwaya ya Kimarekani, aliyefungwa kwa rangi yake tu.

Leo nimempelekea posa ya mjukuu wangu kwa binti yake Lydia. Ananiambia: "Mzee mwenzangu, babu yenu alikuwa mpagazi wa Mjerumani. Damu hiyo hatuchanganyi."

Damu hiyo, Kefa! Mtu wa leso!

Nikatunga uongo papo hapo: "Na wako alimbeba Mjerumani mgongoni mpaka Kilimatinde, Mjerumani kapakata mbwa."

Akanivuta pembeni, ananong'ona: "Nani kakuambia habari za mbwa?"

Posa imepokelewa.