Komeo la Chini

3 Machi

Mpwa wangu mpendwa,

Naomba barua hii ikukute mzima, na kile kikohozi cha vumbi la kiwandani kimekuachia. Mimi miguu imevimba. Daktari ameacha kunitajia miezi. Sasa ananitajia wiki. Naandika kabla mkono haujakataa.

Nimekulea nikikwambia kwamba siku mama yako alipofariki nilifika, nikagonga, sikujibiwa. Haikuwa hivyo.

Asubuhi ile nilikuwa nanyoa ndevu nilipoambiwa, waziwazi, kama na mtu aliyesimama nyuma yangu: “Nenda kwa dada yako. Kaa mlangoni mpaka ufunguliwe.” Niliijua sauti ya Bwana wangu. Nikaenda, nikagonga mara tatu. Kimya. Nikatazama saa. Si bure wanafunzi waliniita Bwana Dakika. Kikao cha wazee wa kanisa kilianza saa nne, na mwenye somo nilikuwa mimi. Somo lilihusu utii.

Nilipogeuka kuondoka, mlango uligongwa kutoka ndani. Mara tatu, chini kabisa, usawa wa goti. Nikajiambia ni upepo. Nikaenda kufundisha.

Kesho yake majirani walimkuta nyuma ya mlango. Daktari alisema angewahiwa mchana ule angepona.

Mungu aliniambia niende, nikaenda. Aliniambia nikae, sikukaa. Kisha miaka yote nikajihesabu mtu aliyetii.

Tangu Januari, kila saa nne asubuhi, mlango wangu unagongwa. Mara tatu, chini. Nafungua, uani jua linawaka na hakuna mtu. Najua ni mama yako. Nisamehe kabla sijaonana naye.

Mjomba wako

21 Machi

Shikamoo Mjomba,

Pole kwa miguu. Kikohozi changu kinakwenda na kurudi, nimeshakizoea. Barua yako nimeisoma mara nne, mashine ikinisubiri.

Aliyegonga siku ile si Mama. Ni mimi. Yeye alikuwa kitandani, hawezi kuinuka, akanituma nifungue. Komeo lilikuwa juu, nami nina miaka minne. Nikagonga ili ujue tumo. Halafu nikalala kifudifudi nikachungulia chini ya mlango, nikaona viatu vyako vya kahawia, kimoja kina kiraka. Nikaviona vinageuka. Mama alitambaa mpaka mlangoni baadaye, wewe umeshaondoka, na hapo ndipo majirani walipotukuta.

Viatu hivyo niliviona kila Jumapili mpaka nilipohama kwako. Ulikuwa ukiniuliza kwa nini siandiki. Nilikuwa nasubiri uanze wewe.

Sasa umeanza, nami nimekusamehe. Lakini Mjomba, mimi niko huku, ni mzima, nashona. Huyo anayekugongea ni nani?

Mpwa wako

2 Aprili

Mwanangu,

Sijambo kwa kiasi changu. Nimelia, na baada ya kulia nimekula vizuri.

 Baada ya swali lako nilimwita seremala ashushe komeo la mlango wangu lifike usawa wa goti, hata mtoto alifikie. Akanitazama, akasema, “Mzee, unafuga kuku humu ndani?” Nikamwambia apime vizuri, asiongeze hata kidole.

Jana nikinyoa ndevu niliambiwa tena maneno yale yale: kaa mlangoni mpaka ufunguliwe. Nimesogeza kiti changu pale, hatua nne kutoka mlangoni, siwezi kukisogeza karibu zaidi kwa sababu ya miguu. Safari hii siondoki. Njoo, mwanangu. Ukigonga ukasikia kimya, nawe usiondoke.

Mjomba wako

11 Aprili

Mjomba,

Safari hii sikuulizi hali. Hii nitaiweka kwenye mfuko wa koti utakalozikwa nalo.

Nilifika jana saa nne kasoro. Nikagonga mara tatu. Kimya. Nikataka kwenda kwa jirani kuuliza, nikakumbuka ulivyoniandikia, nikabaki. Ndipo nikajibiwa kutoka ndani: mara tatu, chini. Nikakuita. Hukuitika. Nikasimama mpaka kivuli cha paa kikafika miguuni mwangu.

Komeo likavutwa, polepole, kama na mkono usio na nguvu nyingi. Mlango ukafunguka.

Ulikuwa kitini, hatua nne mbali, uso mlangoni, umepoa. Daktari amesema ulifariki juzi jioni. Seremala amekuja kusaidia jeneza, ameniuliza nani alinifungulia. Nimemwambia mlango ulikuwa wazi.

Wewe nakwambia kweli. Nilipoinama kulishika lile komeo, lilikuwa bado na joto.

Ulikaa, Mjomba. Nami nilikaa.

Mpwa wako