Madumu ya Maji Kwenye Buti

Tengeru, Arusha
19 Desemba 2024

Mpendwa mpwa wangu Eunike,

Pokea salamu nyingi kutoka huku mlimani. Baridi ya Virginia inakuachaje? Na mwanao Angel, bado anakohoa? Sisi tu wazima, ng'ombe amezaa, na mjomba wako bado ndiye dereva mtanashati kuliko wote kati ya Momela na soko la Tengeru. Hata washindani wangu wanakiri.

Ila tangu uniambie gari lilivyoteleza kwenye theluji likazunguka nawe pale darajani, usingizi umenihama. Kwenye simu unasema "sawa mjomba", halafu unakata. Barua haikatiki. Hii nampa Irine, binti wa mchungaji wa Makumira, anayesafiri kuja huko Jumamosi.

Eunike, eti umepakia madumu ya maji kwenye buti ili gari lisiteleze! Nilicheka, kisha nikachukua kalamu. Najua, kwetu gari bila dumu la maji si gari. Na wazo la uzito ni zuri, maana gari lako linasukumwa na matairi ya nyuma, na nyuma kwenyewe ni kwepesi kama pikapu yangu ikishashusha ndizi. Lakini huko maji yanaganda yanakuwa jiwe, na dumu halitulii. Ukifunga breki linakuja mbele, alipokaa mtoto. Yatoe leo.

Weka mifuko ya mchanga ndani ya buti, juu ya ekseli ya nyuma, uifunge kamba isihame. Ukikwama, mwaga kidogo chini ya tairi. Nunua matairi ya theluji, yote manne. Ukifunga mawili tu umejidanganya. Mafuta yakanyage kama unakanyaga yai. Nyuma ikihama, usipige breki: achia mafuta, geuza usukani kule kule nyuma inakokwenda.

Usidhani nabahatisha. Nimepakia watalii Wazungu wa kila nchi yenye theluji, na wote nimewahoji.

Lakini wiki iliyopita mvua ya mawe ilitukuta tukishuka kutoka Momela, mimi na mama yako. Barabara nyeupe pee, pikapu tupu. Nyuma ikatangulia mbele. Tukasimama tairi moja likiwa hewani, chini korongo.

"Aminiel, unatuua!"

"Dada, nilitaka uuone mlima vizuri."

"Mlima nauona tangu nizaliwe. Nishushe!"

Nilicheka, mwanangu, lakini hata klachi ilinishinda kukanyaga. Nilikuwa nakuona wewe, pale darajani.

Kwa hiyo sikiliza. Mchanga unasaidia kwenye theluji. Kwenye barafu hakuna fundi. Theluji ikianguka, liache gari. Kazini waambie utachelewa.

Babu yako Ndesanjo anakusalimu, anaomba umletee theluji kwenye chupa. Mama yako anakusalimu sana. Habari ya daraja hajui. Kila jioni ananiuliza kama huko theluji imeanguka, nami namjibu kwamba siku za theluji unapanda basi.

Eunike, usinifanye mwongo.

Mungu aushike usukani kabla yako.

Wako akupendaye, na mwenye hofu nawe,
Mjomba Aminiel