Picha ya Familia Nzima

Jumapili, 2 Novemba 2025

Nimefungua studio! Naandika tena nione kama ni kweli — nimefungua studio. Kusema haki ni saluni ya Joséphine, hapa Point, Durban, na ni Jumapili tu, siku anayofunga. Siku sita nashona mapazia kiwandani Pinetown, ya saba napiga picha. Mungu aliumba siku sita akapumzika, lakini yeye hakuwa na kodi ya nyumba.

Kamera nimeinunua kwa mwanafunzi mmoja wa Glenwood aliyekuwa anahama. Imechubuka pembeni, kamba imekatika, lakini inaona vizuri kuliko mimi. Ukutani nimetundika pazia lenye kasoro, la kiwandani, rangi ya majani makavu. Kule wanalitupa, huku limekuwa ukuta wa kifalme.

Mteja wa kwanza: Joséphine mwenyewe. Nilimweka penye dirisha linalotazama bandari. Asubuhi jua linaingia pale bila kubisha hodi. Huyu mama amenisuka, amenitukana, tumekula sahani moja miaka na miaka. Nikatazama ndani ya kamera, nikaona mtu nisiyemjua. Mzuri hivi! Ana huzuni hivi! Akauliza, "Juu ya nini unanyamaza?" Nikasema narekebisha mwanga. Uongo. Nilikuwa nastaajabu.

Jumatano, 5 Novemba

Mapazia ya hoteli, marefu hayaishi. Naseema, supavaiza wetu — mzaliwa wa hapahapa Durban, mkali lakini si mbaya — alikuwa anatusimulia mwanawe alivyokua. Akanyoosha mkono, kiganja kimelala, kinatazama sakafu: amefika hapa sasa!

Nusura niulize huyo ni mbuzi wa aina gani. Kwetu Uvira, Kongo, kiganja kikilala hivyo unapima mnyama. Mtu anapimwa vidole vikitazama juu, asije akaacha kukua. Mama yangu angemchapa mtu kibao kwa jambo hilo. Nikajiuma mdomo. Ugenini kuna mambo.

Ameniuliza mbona nasinzia. Sikumwambia habari ya studio. Tajiri hapendi kusikia una shamba la pili.

Jumapili, 9 Novemba

Leo kazi ya kweli imeniangukia. Mama Félicité, tunayesali naye, yule anayeuza vitenge, alikuja na watoto wake wawili baada ya ibada. Josias ana miaka kumi na sita, kimya, masikio yamezibwa na muziki. Ineza kumi na moja, hanyamazi.

Akasema, "Mireille mutoto wangu, nataka photo ya famille. Famille nzima."

Nikasema simameni hapo. Akatikisa kichwa. Nzima, na Baba Josias ndani. Mume wake! Yuko Nyarugusu, kambini, Tanzania. Walipokimbia walipotezana njiani, huyu akaja kuangukia Durban, yule kule, na makaratasi ya kuwaunganisha hayaishi kuzunguka ofisini. Ineza alikuwa bado tumboni. Hajawahi kumwona babake ila kwenye simu, sauti ikikatika. Ukutani kwao hakuna picha hata moja ambayo wapo wote.

"Unaweza kumuweka?"

Nikasema naweza. Mdomo wangu huu! Mambo hayo nimeyaona tu kwenye video. Joséphine alikohoa huko kwenye kona, kikohozi cha kunijua.

Mpango: kambini yuko Sébastien, mtoto wa dada yake Mama Félicité, ana simu nzuri. Yeye atampiga picha mzee, Baba Josias, akiwa amekaa kwenye kiti. Mimi huku naacha kiti kitupu. Halafu niziunganishe kwa kompyuta, na maombi.

Jumapili, 16 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Walikuja wameshona kitenge kimoja, kijani. Ineza na viatu vipya vinavyombana. Nikaweka kiti katikati kama wanavyopiga kwetu: baba amekaa, mama amesimama nyuma, mkono kwenye bega la baba. Ila bega halipo.

"Mukono niweke wapi?" Mama Félicité akauliza. Nilikuwa natafuta cha kumwekea, fimbo ya fagio, chochote. Hakunisubiri. Alifumba macho kidogo, akainua mkono, akauweka hewani. Hakupapasa. "Bega yake njo hapa."

Na ukakaa pale! Nikapiga, nikahama, nikapiga tena. Chini taxi zinapiga honi, meli inalia bandarini, ule mkono hautikisiki. Vidole vimekunjika kidogo, kama vimeshika kitambaa cha koti. Josias aliyekuwa anacheka-cheka akaacha. Ineza akaegemea upande wa kiti, pale unapoegemea mtu. Miaka kumi na moja! Mimi sikumbuki hata funguo nimeweka wapi.

Walipoondoka nilikaa kwenye kile kiti. Halafu nikasimama haraka. Nilihisi nimekalia pa mtu.

Alhamisi, 20 Novemba

Picha ya Sébastien imefika. Balaa. Jua la saa sita, mzee kavaa kofia, macho mashimo mawili meusi. Nikamwandikia: kofia atoe, apige asubuhi, jua limjie mkono wa kushoto, ndiko liliko dirisha letu. Akajibu, "Sawa dada, sikujua photo iko na masharti."

Nimefikiria jambo hili taxi nzima mpaka Pinetown. Jua ni lilelile! Linaingia saluni ya Joséphine, na asubuhi hiyohiyo linampiga mtu kambini shavuni. Kumbe wamekuwa wakipigwa na mwanga mmoja siku zote. Hakuna ofisi iliyowaomba makaratasi ya huo.

Jumamosi, 22 Novemba

Imekuja. Nimeifungulia kiwandani, saa ya chai.

Mwanga — kamili, sina la kusema. Baba Josias amekonda. Koti si lake, linamzidi. Mabega yameshuka. Lakini amekaa wima, anatazama kama mtu aliyeambiwa wanawe wako upande wa pili. Nilitaka kumwamkia!

Na pembeni yake amesimama mtoto. Msichana, labda miaka minne, gauni la manjano. Ameweka mkono kwenye goti la mzee. Paji la uso ni la Ineza. Si kama la Ineza — la Ineza lenyewe.

Nikamuuliza Sébastien. Akaandika, "Dada, kata tu. Ule haiko wa photo."

Nilirudi kwenye mashine nikashona pindo likaenda upogo mita nzima. Naseema alinipigia kelele mbele ya watu wote.

Labda ni yatima tu, kambi zimejaa yatima. Lakini paji lile? Nimwambie Mama Félicité? Mimi ni nani? Ameniomba picha, hakuniomba habari. Ameushika ule mkono hewani na mimi nimeona kwa macho yangu. Siwezi kuuangusha.

Jumanne, 25 Novemba

Nimemweka Baba Josias kwenye kile kiti. Bega lilikuwa chini kidogo, mkono wa mkewe ukawa unaelea. Nikampandisha mzee kidogo tu — na mkono ukatua! Ukatua pale kabisa! Nilipiga makofi peke yangu chumbani, jirani akagonga ukuta. Wamekutana. Mimi, mshona mapazia, nimewakutanisha watu ambao serikali zimeshindwa kuwaunganisha!

Yule mtoto nimemfuta. Ilikuwa rahisi mno, kama kupangusa unga mezani. Furaha ikaniisha hapohapo, nikajisikia mwizi. Nikafunga kompyuta.

Jumapili, 30 Novemba

Nimeiprinti kubwa, na fremu. Nilipoondoa karatasi Joséphine akapiga vigelegele mpaka watu wakachungulia kutoka barabarani. "Eish, Mireille! Hii njo kazi yako?" Josias akatoa vitu vya masikioni, akatazama, akasema "sharp", neno la vijana wa hapa la kusema safi. Ineza hakusema kitu — Ineza! Aliweka kidole kwenye kioo, juu ya uso wa babake, akakiacha pale.

Mimi nilisimama kando nikiwatazama wanavyotazama. Sijawahi kuona kitu kama kile. Ni karatasi na wino, jamani.

Halafu Mama Félicité akasogea karibu. Karibu zaidi. Akainama.

"Na hii bidole?"

Kwenye goti la mzee, vidole viwili. Vidogo. Nilifuta mtoto mzima nikasahau vidole! Kwenye kompyuta sikuviona, kwenye picha kubwa vinang'aa.

Nikasema, "Ni kivuli, Mama."

Akanitazama. "Kivuli iko na kucha?"

Akaifunga picha ndani ya kitenge, taratibu, kama anamfunika mtu aliyelala. Akanishukuru. Akawaita watoto wakaenda. Aibu iliyonishika sijui niiweke wapi. La kuvunda halina ubani, walisema wazee, na mimi nimelivundisha mwenyewe.

Alhamisi, 4 Desemba

Mama Félicité hapokei simu. Mezani pake pa vitenge hayupo.

Naseema ametangaza ovataimu Jumapili, wote, oda za Krismasi. Atakayekosa asijisumbue kuja Jumatatu. Nikamfuata. Ikanitoka yote, studio, Jumapili, nikamwonyesha na picha kwenye simu, ya kile kiti kitupu. Aliitazama sana. Akauliza huyo mama ameshika nini. Nikasema mume wake. Akanirudishia simu. Akasema ni picha nzuri, na Jumapili saa moja asubuhi niwe kwenye mashine.

Nitakwenda. Kazi ya mapazia ndiyo inayonilaza ndani. Na studio gani tena, nimempoteza mteja wangu wa kwanza wa maana.

Jumapili, 7 Desemba

Naandika haraka, betri ya kamera iko kwenye chaji. Mjinga mimi, siku zote hizi sikuichaji.

Nilipita saluni kumwachia Joséphine ufunguo wake, nikimbilie taxi ya Pinetown. Mlangoni — Mama Félicité. Na watoto. Kitenge kilekile cha kijani. Fremu kwapani.

Hakunisalimu. Aliiegemeza picha ukutani, akasema, "Nilikuomba famille nzima. Ulinipatia nusu."

Nikaanza kuomba msamaha, kwamba sikutaka aumie. Akanikata. "Nani alikutuma unionee huruma?"

Nimestahili. Limeniingia mpaka mfupani.

Akasimulia amesimama, bila kukaa. Amempigia Baba Josias. Mzee alilia kwenye simu. "Mi sikulia. Nilimuuliza kitu moja tu, mutoto ni wako? Akasema ni wangu." Mama wa mtoto ni nani, yuko wapi, hakuuliza. "Iko siku ya kuuliza hiyo. Nikiuliza leo, nitakufa mi mwenyewe." Joséphine akamletea maji, hakunywa. Niliogopa kumtazama, na sikuweza kuacha kumtazama.

Anataka tupige upya, na mtoto yule ndani. Josias hataki. Amesema yeye hasimami kwenye picha moja na mtoto yule. Amesema kwa Kiingereza, ili imuume mamake zaidi. Yuko mlangoni, ametugeuzia mgongo. Mamake hakumgombeza. Alisema tu, "Kaa pale mpaka roho yako ifike," akakivuta kiti mwenyewe mpaka katikati.

Ineza akauliza, anaitwa nani? Mamake akasema, "Sikuuliza." Ineza akasema tumuulize basi.

Saa moja asubuhi imeshapita. Simu inatetemeka mezani. Naseema. Nikiipokea sasa na kukimbia labda ataniruhusu. Siipokei. Naogopa, naandika ukweli, naogopa sana — lakini siwezi kutoka chumba hiki.

Joséphine anamchana Ineza. Mama Félicité amesimama nyuma ya kiti. Mkono wa kulia ameshauweka hewani, palepale pa zamani, kwenye bega. Nilidhani hatauweka tena. Ameniuliza tuache nafasi kiasi gani, mtoto anafika wapi. Mimi nimeona ile picha, najua anafika wapi. Sikuthubutu kuonyesha.

Basi ameonyesha mwenyewe. Amenyoosha mkono wa kushoto pembeni ya kiti. Kiganja kimelala. Kinatazama sakafu.

Kama mbuzi. Tumeona wote. Chanuo la Joséphine limesimama katikati ya nywele. Josias amegeuka pale mlangoni, ameona naye. Simu inatetemeka tena. Mkono uko palepale, umelala, na macho yake yako kwenye ile nafasi tupu kama anayemtazama mtu.

Taa ya betri imekuwa kijani.

Mkono unageuka. Polepole, unatetemeka — huu unatetemeka! — lakini unageuka. Vidole vinatazama juu.

"Hapa," anasema. "Anafika hapa."

Josias bado yuko mlangoni. Naiendea kamera.