U Yenye Kofia

Jumatatu, 5 Oktoba 1931

Sijawahi kumwambia mtu: najua kuandika Kijerumani, lugha yetu ya nyumbani. Nilianza shule mwaka uleule Waitaliano, watawala wetu wapya, walipokifuta shuleni. Darasani ni Kiitaliano tu. Lakini mchana naaga naenda kushona, kumbe naingia ghala la tufaha la mjane Plunger. Huko Mwalimu Rosina anatufundisha kwa kunong'ona. Akikamatwa, anapelekwa kufungwa kisiwani. Mwenzake kishapelekwa.

Mbele za watu mdomo wangu haufunguki. Basi naandika.

Jumanne, 6 Oktoba

Stesheni na Baba. Mabehewa ya reli pana hayaingii reli nyembamba ya milimani, kwa hiyo kila kreti inahamishwa kwa mikono. Baba kajibana kidole gumba, kafungwa bandeji. "Niandikie wewe majina ya mizigo, mwanangu." Nikashika chaki: uva, yaani zabibu kwa Kiitaliano, kreti baada ya kreti. Nilivyojivunia mwandiko wangu!

Mzee Hias, mpagazi, akacheka. "We Loisl, u yako imevaa kofia! Inaogopa baridi ya milimani?"

Nikatazama. Mungu wangu — ule mkunjo mdogo juu ya u, wa Kijerumani, ili isifanane na n! Waitaliano hawauweki. Nikafuta kwa mkono wa gauni. Nyingine zilikuwa zimeshapakiwa.

Jumatano, 7 Oktoba

Kreti moja imerudi. Mkuu wa stesheni kailaza mezani kama maiti. Nani kaandika?

"Mimi, bwana," Baba akadakia. Watu wa rika lake wote huandika hivyo, walisoma zamani, kabla ya marufuku. Si kosa. Kwangu mimi ndilo kosa: nimejifunzia wapi?

Mkuu akaitazama bandeji. Akampa chaki. "Hebu andika tena."

Kofia ya Baba ilitoka kama msumari uliopinda. Yangu, ile ya kwenye kreti, ni ya mviringo, kama anavyofundisha Mwalimu Rosina.

Mkuu akazilinganisha zote mbili. Chaki akaitia mfukoni. Afadhali angefoka.

Alhamisi, 8 Oktoba

Imla darasani. Neno moja tu: uva! Niliandika bila kofia. U yangu ilikuwa kichwa wazi. Moidl je? Ndiye mdogo wetu wa ghalani. Kaandika polepole, ulimi nje — na kofia, nzuri mno. Akainua kibao asifiwe. Mwalimu Mwitaliano akamsifu kweli!

"Hodari. Nani kakufundisha, kipenzi?"

Moidl akageuka, akanitazama mimi.

Sasa niko chumbani. Hias kapita dirishani, safari hii hakutania: askari wawili wameshuka treni kubwa, na ile ndogo hawakuipanda. Nani hushuka hapa asipande ile ndogo, kama hakumfuata mtu wa hapa? Na Mwalimu Rosina anateremka na ile ndogo kutoka milimani jioni hii! Lazima nimuwahi jukwaani, hata kama sauti haitatoka. Nitamshika tu mkono.

Hatua ngazini. Baba huvua viatu mlangoni. Hivi ni viatu.

Na karatasi hii — ndiyo kwanza naona — kila u ina kofia! Chini ya godoro — hapana, watainua — ndani ya