Breki ya Mwalimu

Mjukuu wangu,

Hongera kwa gari jipya. Upepo wa matairi upime asubuhi, kabla hayajapata moto. Ukipima baada ya safari, kipimo kitakudanganya.

Umeuliza kwa nini nilikataa kukaa mbele. Gari la kufundishia udereva lina breki ya pili, upande wa mwalimu. Kwa miaka ishirini na sita, mwanafunzi akikosea sikusema kitu. Mguu wangu ulimaliza kazi. Wenzangu waliniita Bubu.

Siku ile mama yako alinipakia kwenye gari lake mwenyewe. Niliona lori likichomoka pembeni kabla yeye hajaliona. Nikakanyaga. Chini palikuwa na zulia tu. Nikakanyaga tena, kimya, mpaka kishindo kikaja na mama yako akatutoka. "Simama, mwanangu" ingetosha.

Hata sasa tukiwa mezani mguu huu hukanyaga wenyewe. Bibi yako hucheka: "Leo umemsimamisha nani, Mwalimu?" Sijawahi kumwambia.

Jumamosi njoo unichukue. Nitakaa mbele. Ila nitaongea njia nzima, na wewe usiniambie ninyamaze.

Ni mimi babu yako,
Bubu wa zamani