Mzee Hajamaliza Kula

Kijiji cha Sarimgol,
Yeongyang, Gyeongsang Kaskazini,
Korea.
9 Machi 1974

Mpendwa mdogo wangu Yeon-ok,

Pokea salamu zetu kutoka huku milimani, ambako theluji bado imekaidi kuondoka upande wa kivuli. Hujambo huko Ujerumani? Miguu yako inaendeleaje na kule kusimama wodini kutwa? Uliniambia inavimba. Iloweke katika maji ya chumvi, wala usione haya kuomba kiti. Sisi tu wazima kwa rehema za Mungu. Mwanetu Sang-mi ameota meno mawili ya mbele, makubwa kuliko uso wake, na sasa akicheka utadhani sungura.

Serikali imetuondolea mapaa ya nyasi. Kijiji kizima sasa kina mapaa ya vigae vya saruji, vya buluu na vya rangi ya chungwa, kama vifuniko vya sufuria. Mvua ikinyesha hatusikilizani.

Barua yako ilifika salama. Nilifurahi mno kusikia kwamba wewe na Byeong-hun, yule mchimbaji wa makaa, mtafunga ndoa baada ya Pasaka. Lakini kuna swali umelisukuma chini kabisa, karibu na jina lako, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua. Unauliza: katika kiapo useme kwamba utamtii, au umwombe mchungaji aliache neno hilo? Wenzako wanasema limepitwa na wakati.

Nitakujibu, ila kwanza nikueleze yaliyotupata majira haya ya baridi. Sijamwambia mtu mwingine. Soma ukiwa umeketi.

Habari ya kufariki kwa baba mkwe wangu, Mzee Pyo, ulikwisha kuipata. Alikuwa mzee wa kanisa tangu kabla ya vita, na hakuwahi kumpiga mtu wala kupandisha sauti. Hakuhitaji. Alikaa chumbani mwake, kile kinachotazama ua, mlango wa karatasi umefungwa, na akitaka kitu alikohoa mara mbili. Mama mkwe aliitika "Naam!" kutoka jikoni na kwenda mikono ikichuruzika maji.

Kila jioni, kwenye sala ya nyumbani, alisoma palepale katika barua ya Paulo kwa Waefeso: wake wawatii waume zao, kwa maana mume ni kichwa cha mkewe, na kama Kanisa linavyomtii Kristo, vivyo hivyo wake kwa waume zao katika kila jambo. Kisha alifunga Kitabu. Tangu niolewe hapa nilidhani sura ile inaishia pale.

Na chakula alikula kwanza, peke yake. Mama alichuchumaa jikoni akingoja. Mzee akimaliza alikohoa, ndipo Mama akaondoa meza na kula kilichobaki.

Sasa, baada ya maziko, nilimkuta Mama akipakua wali katika bakuli la shaba la marehemu. Akaweka supu, akaweka kachumbari ya kimchi, akaipeleka meza chumbani, akafunga mlango, akarudi kuchuchumaa. Jioni chakula kilikuwa vilevile, mafuta yameganda juu ya supu. Akampelekea nguruwe. Yeye mwenyewe hakutia kitu kinywani.

"Mama, kula," nikamwambia.

"Mzee hajamaliza."

Nilidhani ni msiba tu, utapita. Kesho yake ikawa hivyohivyo, na siku iliyofuata. Nikamkumbusha taratibu kwamba sisi ni watu wa kanisa, majirani wakijua watasema tumerudia matambiko. Alinikazia macho. "Matambiko gani? Mimi silishi mizimu. Namhudumia mume wangu. Kichwa ni kichwa."

Maji ya wali tu ndiyo aliyokunywa, tena kwa kificho, kama mwizi. Mashavu yakabonyea. Mchungaji alikuja kumfariji. Mama akamtabasamia, akamkaribisha viazi vitamu vya kuchoma, wala hakumwambia kitu. Mtoni wanawake walinitania: "We Pil-sun, mkweo kaolewa tena nini? Kila asubuhi namwona anafuta viatu vya kiume!"

Ilikuwa kweli. Viatu vya mpira vyeupe vya Mzee vilikaa juu ya lile jiwe la mlangoni pake, kama vikaavyo viatu ambavyo mwenyewe yumo ndani. Nilivichukua nikavisokomeza ghalani, chini ya mabua. Asubuhi theluji mpya ilikuwa imefunika ua wote, haina hata unyayo wa kuku, na viatu vilikuwa juu ya jiwe, vikavu. Nikajiambia Mama alivirudisha kabla theluji haijaanza. Nilijiambia hivyo siku nzima.

Mume wangu unamjua, mtu mpole, ndiye aliyekubeba mgongoni kuvuka mto siku ya harusi yetu. Nilimwambia mama yake atakufa kwa njaa huku tunamtazama. "Amefiwa," akasema. "Mwache." Lakini siku moja ya Desemba lile bakuli lilirudi tupu. Mama alilibeba kwa mikono miwili kama abebaye yai. "Leo amekula," akasema, akashika kijiko, akala mpaka jasho likamtoka. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikatapika kwa hofu.

Kumbe alikuwa mume wangu. Nilimwona kwa macho yangu akiingia chumbani kwa mlango mdogo wa nyuma. Nilipombana kwenye zizi la ng'ombe alilia. "Ningefanya nini, Mama Sang-mi? Afadhali nimdanganye akiwa hai kuliko nimwambie ukweli kaburini." Yeon-ok, siku ile nilimpenda kuliko siku aliyonioa. Nikanyamaza. Nikajisemea, hila hii itatufikisha masika.

Lakini chumba kile hakikuingilika bure. Kwanza alianza kukawia humo. Halafu akasema mna baridi, akavaa koti la pamba la baba yake. Halafu akaanza kutuongoza sala ya jioni. Alisoma maneno yaleyale, akaishia palepale, akafunga Kitabu. Siku nyingine nilikuwa nimezamisha mkono katika mtungi wa kimchi nikasikia kikohozi mara mbili. Mama akaitika "Naam!" Nami nikajisikia nimeitika "Naam!"

Akaacha kuniita Mama Sang-mi. Nikawa "wewe". Akaanza kuburuta mguu wa kulia, kama Mzee baada ya kupooza. Nilipomuuliza kwa nini anachechemea, alinitazama kana kwamba nimesema lugha ya kigeni.

"Nani anachechemea?"

Mwezi wa Januari amri ikatoka nyuma ya ule mlango: Mama asiende tena kanisani, mwanamke akae nyumbani. Mama, ambaye hata wakati wa vita hakukosa sala ya alfajiri, alifungua vifungo vya koti lake la kanisani, akalikunja, akaliweka sandukuni. Alhamisi iliyofuata amri ikanifikia mimi pia, pamoja na mtoto.

Nilinawa mikono nikaenda mlangoni pake. Ilikuwa adhuhuri, jua linawaka juu ya theluji hata macho yanauma. Katika nyumba ile hakuna mwanamke aliyewahi kuufungua mlango ule bila kuitwa. Mimi niliufungua.

Pumzi yangu ilitoka kama moshi, ingawa sakafu ilikuwa imewashiwa moto tangu asubuhi na ilinichoma nyayo. Alikuwa ameketi mwisho wa chumba, mgongo ukutani, kofia nyeusi ya singa za farasi ya baba yake kichwani, meza ya chakula mbele yake. Uso ulikuwa wa mume wangu, lakini kama nguo yako uliyomwazima mtu: ni yako, ila imeshika umbo la mwingine.

"Nani kakuita?" Sauti ilikuwa ya Mzee.

Niliketi palepale, meza katikati yetu.

"Mimi nilimwahidi utii mume wangu, mbele ya Mungu," nikasema. "Wewe sikukuahidi kitu. Kama u Mzee Pyo, umekufa, na Paulo huyohuyo anasema mke amefungwa kwa mumewe muda anapokuwa hai tu; mume akifa, amefunguliwa. Mwache Mama. Na kama u Baba Sang-mi, vua hiyo kofia utoke, ule pamoja nami. Nimekungoja sana."

Nikanyoosha mikono nikamvua kofia mwenyewe. Nikaushika uso wake. Ulikuwa baridi, na machozi yaliyonitiririkia vidoleni yalikuwa ya moto.

"Pil-sun," akanong'ona. Jina langu! Tangu tumzae Sang-mi hakuwa amelitaja. "Siwezi kutoka. Nimejaribu."

Hapo, nyuma yangu, karibu na mlango nilioingilia, mtu akakohoa mara mbili.

Kinywa cha mume wangu kilikuwa kati ya viganja vyangu, mdogo wangu. Kilikuwa kimefumba. Sikugeuka. Nilitazama macho yake tu, nayo yalikuwa yanatazama juu ya bega langu, na yakawa yanafuata kitu kutoka mlangoni kuja kwetu. Alichokiona hajaniambia, nami sitamuuliza.

Mume wangu alimwogopa baba yake tangu alipojua kutembea. Lakini aliinuka, akanivuta nyuma ya mgongo wake kama mtu anavyomwondoa mtoto mbele ya fahali, akasimama hapo katikati. Akakwapua Kitabu kwenye kimeza cha Mzee.

"Baba," akasema, kwa sauti yake mwenyewe, ile nyembamba, "hukumaliza. Aya inayofuata hukutusomea hata siku moja."

Akaisoma: enyi waume, wapendeni wake zenu, kama Kristo alivyolipenda Kanisa akajitoa kwa ajili yake. Akaendelea, kwamba mume ampende mkewe kama mwili wake mwenyewe, maana hakuna mtu anayeuchukia mwili wake, bali huulisha na kuutunza. Alipofika kwenye kulisha, sauti ilimkatika. Akarudia. Alisoma mpaka sura ikaisha kweli, na hakuna aliyekohoa.

Nilipothubutu kugeuka nilimkuta Mama kizingitini. Alikuwa na soksi tu miguuni, zimelowa theluji, na sijui alisimama pale tangu lini. Hakututazama sisi. Aliangalia mahali patupu kando ya mlango, akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu, kama mke anayemuaga msafiri. Kisha akajinyoosha.

"Mzee," akasema, "mimi nina njaa."

Akaja akaketi mezani. Akaanza yeye, sisi tunamtazama. Alimaliza samaki mzima na macho yake.

Baba Sang-mi alilala siku mbili. Mguu umenyooka. Jumapili tulikwenda kanisani sote, Mama mbele. Chumba kile tumekibandua karatasi zote, sasa tunaanikia maharage humo, ila Sang-mi hakanyagi, nasi hatumlazimishi. Siku nyingine nikiwa jikoni naisikia ile sauti ya kukohoa. Mama naye huisikia. Mkono wake husimama kidogo juu ya ubao, kisha huendelea kukatakata figili. Hakuna anayeitika.

Basi jibu langu ni hili. Neno hilo liseme, kama moyo wako unakuruhusu. Mimi sijalijutia. Siku ile ndilo lililonipa nguvu ya kufungua mlango, kwa sababu nilijua nililisema kwa nani. Lakini kabla ya harusi mwombe Byeong-hun akusomee sura ile kwa sauti, aanzie pale juu, panaposema sote tunyenyekeane, aende mpaka mwisho. Usitazame Kitabu. Mtazame yeye.

Juma lililopita, tukichambua maharage, nilipata ujasiri wa kumuuliza Mama kama kweli aliamini Mzee yumo mle. Hakuinua kichwa. Alitoa punje mbovu, akaitupa.

"Mwanangu," akasema, "alipokuwa hai alikuwa kikohozi nyuma ya mlango. Alipokufa akawa kikohozi nyuma ya mlango. Mimi ningejuaje?"

Msalimie sana Byeong-hun, mwambie avae vizuri anaposhuka mgodini. Msalimie na Gil-ja unayeishi naye chumba kimoja. Mama yake ni mzima, nilimwona sokoni akigombania bei ya dagaa. Baba Sang-mi anakusalimu, Sang-mi anataka stempu za Kijerumani zenye ndege. Mama mkwe anakutumia matunda ya persimoni yaliyokaushwa, anasema msiyaweke mpaka yaote ukungu kwa kuoneana haya.

Bwana aliyewakutanisha ugenini awape nyumba yenye milango iliyo wazi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye leo kama nilivyokupenda nikikubeba mgongoni,

Pil-sun